Sare Zisizo na Jina

Mama Pindo, tajiri wa kiwanda cha sare aliyeanza na cherehani moja ya kukodi, alikuja juu aliposikia meneja wake anataka kuchapa jina la kampuni kwenye sare za msaada kwa wanafunzi wasiojiweza.

“Mwanangu, miaka mitatu nilivaa sweta la kupewa, limeandikwa jina la mfadhili mgongoni. Shule nzima ikaniita kwa jina hilo. Thubutu!”

Sare mia nne zikatoka bila alama, kitambaa kilekile cha zile za dukani.

Jumatatu, shuleni, wanafunzi wote walijipanga mstarini. Meneja, kamera mkononi, akauliza, “Mama, waliopewa ni wepi, niwapige picha?”

Mama Pindo akawapitia kwa macho safu kwa safu, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka.

“Hata mimi siwajui!”