Kitambaa Kibichi Kwenye Kioo cha Chogo

Mtaani walimwita Tochi, na jina hilo alilipata kihalali. Ukimpelekea kioo cha kompyuta kilichokufa, kabla hajashika bisibisi alikiwasha, akazima taa ya chumba, kisha akakimulika kwa tochi ubavuni, kichwa kakiinamisha kama mtu anayechungulia kisima. Akiona picha hafifu inacheza humo gizani, alicheka peke yake.

"Mgonjwa wako mzima," angekwambia. "Taa yake ya nyuma tu ndiyo imelala."

Asipoona kitu, alikilaza kifudifudi juu ya blanketi, akakifungua mgongo, na mara nyingi akamkuta mhalifu palepale: kapasita, kile kikopo kidogo cha kutunza umeme, imevimba kichwa kama jipu. Ufundi wenyewe aliuanza kwa kuharibu kioo chake mwenyewe, akakirekebisha kwa hasira, na kilipowaka akajiona mtu mwingine kabisa. Tangu hapo chumba cha pili cha nyumba yake kikawa karakana, chenye meza, taa ya kuinamisha na mlango usiokuwa na kitasa, wa kurudishia tu.

Lakini vioo vya chogo aliviogopa. Vile vya zamani, vizito, vyenye kisogo kirefu kama kichwa cha mtoto mchanga. Siku za kujifunza aliwahi kufungua kimoja kilichokuwa kimechomolewa tangu jana yake, akiamini kitu kilichochomolewa hakina moto. Alipopata fahamu alikuwa ameegemea ukuta wa pili, mkono umekufa ganzi hadi begani, mdomoni ladha ya chuma. Ndipo alipojua kwamba lile chupa kubwa la ndani linalotoa picha huweka umeme kama watu wengine wanavyoweka kinyongo: kimya, na kwa muda mrefu. Akaapa kutovigusa tena.

Kiapo hicho kilivunjwa na fundi wa kunyoosha magurudumu wa gereji ya pale kona. Alikuja akihema, kioo cha chogo amekikumbatia kifuani.

"Dada Tochi, usinifukuze kwanza."

"Hicho sigusi, kaka. Mtaa mzima unajua."

"Mashine yangu haikubali kioo kingine. Nimeijaribu na vile vyembamba, inanionyesha giza tu. Magari yamepanga foleni, na mimi siwezi kunyoosha gurudumu kwa kukisia."

"Kinafanya nini?"

"Picha yote imejikunja katikati, umebaki mstari mmoja mweupe. Ukikipiga kofi, inarudi. Halafu inajikunja tena."

Tochi akajua papo hapo ni nini. Mguu wa kifaa fulani ndani umeachana na risasi ya kuchomelea iliyoushika. Kuuchomelea upya ni kazi ndogo. Hatari ilikuwa kuufikia. Akakubali, na fundi alipoondoka akakisukuma kioo hadi ukutani na kukifunika shuka kama maiti.

Humo ndani hakuwa peke yake. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa safari, na mama mzazi wa mume huyo aliishi nao. Bibi huyo alifanya usafi maofisini ujana wake wote. Sasa akili ilikuwa inamtoka polepole; kuna siku alikuwepo, akipiga soga na kumtania mkwewe kwamba anazaa vioo badala ya wajukuu, na kuna siku alirudi kazini. Siku za namna hiyo alichovya kitambaa kwenye ndoo na kufuta kila kilichong'aa. Daktari alikwishawaambia moyo wake si wa kushtuliwa.

Asubuhi iliyofuata, mama mkwe akiwa amesinzia kwenye kochi, Tochi alijitia moyo. Alihakikisha waya wa umeme umechomolewa, akafungua skrubu, akalivua lile chogo. Chupa likabaki uchi. Ubavuni mwake palikuwa na kofia nyeusi ya mpira, na chini ya kofia hiyo ndiko moto ulikojificha. Alikuwa na bisibisi ndefu ya mpini mnene, aliyoifunga waya shingoni. Ncha ya pili ya waya aliibana kwenye chuma cha fremu. Kazi ilikuwa kuipenyeza bisibisi chini ya kofia mpaka isikike "ta!", moto ukimbilie kwenye chuma.

"Hodi! Mita ya maji!"

Msoma mita alikuwa getini, hafikii mita kwa sababu ya pipa lililowekwa juu yake. Tochi alitoka, wakalisogeza wote wawili, wakasemezana kidogo kuhusu bomba linalovuja. Akarudi akipangusa mikono.

Kochi lilikuwa tupu.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Mama mkwe alisimama mezani, mgongo umenyooka kama wa msichana, kitambaa kinachochuruzika maji mkononi, akilifuta lile chupa taratibu, kwa mizunguko midogo, akishuka kuelekea kwenye kofia ya mpira.

Tochi aliganda. Je, alikwishautoa ule moto? Bisibisi ilikuwa mezani, waya bado umebanwa kwenye fremu. Huenda alimaliza. Huenda hakuanza. Alijisaka kichwani, akautafuta ule mlio wa "ta", hakuupata, na hata kutoupata hakukumwambia kitu. Mdomoni ikaja ladha ya chuma.

Akipiga kelele, bibi atashtuka na mkono utaruka. Akimrukia, wataangukia chupa wote wawili.

"Mama," alinong'ona. "Njoo tunywe chai."

"Niache, binti. Mkubwa anakuja leo, na hiki kioo kina vumbi la aibu." Kidole kikagusa ukingo wa kofia, kucha ikaanza kuubandua. "Tena humu chini ndiko kulikojaa uchafu wenyewe."

Sauti ya kawaida ya Tochi haikuwa na cheo mahali alipokuwa yule mama. Basi akajikaza, akatoa sauti nyingine, kavu, ya mtu asiyezoea kurudia maneno.

"Wewe wa usafi! Nani kakuruhusu ofisi hii? Tuna kikao. Acha kila kitu, toka nje."

Mkono ukaachia. Bibi akarudi nyuma, kitambaa amekibana kifuani, macho chini. "Samahani, mkubwa," alisema, akapita ubavuni mwa mkwewe kwa hatua ndogondogo, na maji yakadondoka mpaka sebuleni.

Tochi aliurudishia mlango, akauegemezea kiti. Akashika bisibisi kwa mikono yote miwili, jambo ambalo hakuna fundi angemshauri. Akaipenyeza chini ya kofia.

TA!

Cheche ya buluu iliruka, na chumba kikanuka kama baada ya radi. Tochi alikaa sakafuni palepale.

Ilipita muda ndipo mlango ukagongwa. Sauti ya nje ilikuwa ya siku nzuri, ya mtu aliyepo.

"Mwanangu, kuna mtu kanifokea?"

Angeweza kusema ni redio. "Ni mimi, Mama."

"Nimefanya nini?"

"Hukufanya kitu. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Tochi aliondoa kiti. Alifungua mlango, akamkumbatia, na mama mkwe akampigapiga mgongoni bila kujua anamfariji kwa lipi.

Jioni mumewe alipopiga simu, Tochi alimweleza yote, pamoja na kutokukumbuka. "Kwa nini hukufunga?" aliuliza mumewe, kisha akajikumbusha mwenyewe kuwa mlango hauna kitasa, kitu alichoahidi kukiweka tangu walipohamia. Aliporudi safari alikiweka kabla hajavua viatu.

Kioo cha gereji kilipona. Fundi wa magurudumu alishukuru mpaka akakera, akaahidi kumletea kingine cha rafiki yake. Tochi alimwambia asithubutu.

Vile vyembamba anaendelea navyo. Ila ukibisha hodi kwake siku hizi, hatoki mpaka kazi aliyoishika iishe, na akimaliza husimama kitambo mbele ya meza, akijiuliza kwa sauti kama kweli amemaliza, na kujijibu. Majirani wanaosimamishwa juani husema ana maringo.