Shingo ya Bikira

Mchoraji wa kanisa dogo la Remera hakuvua kitambaa cha shingoni hata jua likiwaka. Kila rangi aliipuliza taratibu, kama anayepoza uji wa mtoto, na kando ya ndoo aliegesha kipande cha kioo. Mchana, wafagiaji walipokaa uani kupokezana mrija mmoja kwenye kibuyu cha pombe ya mtama, yeye alichomoa mrija wake mfukoni, akanywa peke yake pembeni. Nyuma yake walinong'ona ukimwi. Athanasie, aliyefagia altareni, alinong'ona kuliko wote. Jumamosi moja akainua macho, akamwona Bikira Maria ukutani ana kovu jeusi la mkanda wa jeshi, toka sikioni hadi begani.

"Mama Maria naye iko na hii?"

"Iko nayo," mchoraji alisema. Kitambaa kilikuwa magotini. Alikuwa akilitazama kovu lake mwenyewe kiooni, akilinakili ukutani. "Nilichoka kuomba mtu hatufanani."

Athanasie alilijua kovu lile la wakati wa vita. Dada yake alizikwa nalo. Akaenda uani, akarudi na kibuyu, akanywa, akamsogezea mchoraji mrija bila kuufuta.

"Kunywa, dada. Bega la Mama Maria halijaisha."