Maji Laini ya Nyumba za Wafanyakazi

Nilianguka kwenye tangi la chumvi, asubuhi, koleo mkononi. Miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vya mpira vilikataa kuvulika. Hospitalini daktari akauliza, "Mzee, chumvi uliacha?" Nikasema niliacha tangu moyo ulipoanza kunisumbua, nakula chukuchuku mwaka mzima. Akanitazama kama mwongo.

Nianze mbali kidogo. Mimi niliishia darasa la nne. Siku ya kwanza kazini ilikuwa Mbaha, ziwani, nyumba ya wageni ya tajiri mmoja, kuwasha pampu. Maji ya kule sabuni inatoa povu yenyewe. Msimamizi aliniambia, "Wewe angalia majani tu yasiingie kwenye pampu." Nikaangalia majani miaka sita.

Wakanihamishia Mbinga, hoteli ya tajiri yuleyule. Huku maji ni ya kisima kirefu, yana chokaa. Birika linaota ukoko mweupe, maharage unachemsha toka asubuhi na bado yanagonga meno. Ikaletwa mashine ya kulainisha maji. Ndani ina punje kama ulezi. Zinashika chokaa, badala yake zinaachia sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi. Zikijaa unazisuuza kwa maji ya chumvi, yanamwagwa nje. Kuijaza hiyo chumvi ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Nyumba zetu za wafanyakazi zilichota bomba moja na jiko la hoteli. Siku moja maji yakabadilika, yakawa laini. Mke wangu akafurahi. "Baba Agnesi, maharage yameiva kabla sijamaliza kufua." Kwetu chakula kilichoiva upesi tunakihesabu chepesi, ndicho cha mgonjwa. Basi uji wangu, maharage yangu, maji yangu ya kunywa, vyote akavitoa hapo. Alikuwa ananiuguza.

Daktari alipojua kazi yangu, akauliza maji tunayokunywa, nikamweleza. "Siwezi kusema ni maji peke yake. Mtu mwenye afya, sodiamu hiyo haimsumbui. Lakini chokaa ikiwa nyingi, sodiamu nayo inakuwa nyingi, na moyo wako umechoka. Oga, fua. Ya kunywa na kupikia chota ya kisima yasiyopita mashine, chokaa haina neno."

Fundi Mkuu, Bwana Haule, alikuja kuniona wodini. Akanisimulia kwamba alipofunga mashine, bomba la jikoni, ambalo ndilo letu pia, aliliacha lisipitie humo. Meneja, Bwana Kapinga, akaona utando juu ya chai.

"Nikamwambia, bosi, maji ya mashine siyo mazuri kwa wenye moyo na presha. Akasema, wageni wangu wamekuja kunywa chai au kupimwa presha? Unganisha yote."

"Na mimi, Haule? Ulijua nina moyo."

"Niliogopa kazi yangu, kaka."

Nimestaafu kabla ya umri, ngazi tatu tu napumzika mara mbili. Nyie vijana mnaofunga mashine hizi majumbani, bomba la jikoni liacheni peke yake, na mwenye nyumba muulizeni nani anaumwa. Ni swali la dakika moja.

Bomba la kwetu mpaka leo halijatenganishwa. Jirani yetu Mama Salome, mwenye presha, anachota palepale. Nimemweleza. Ananijibu, "Mbona meneja hajasema?"

Basi aseme. Bwana Kapinga, toka ofisini, umwambie Mama Salome kwa mdomo wako kile ulichoambiwa na Haule. Ukimaliza, mimi nipo hapa kibarazani, unieleze kwa nini hukuniambia.