Dawa ya Benedeta, Wigi la Taaka

Asekenye alicheza kwa shingo. Wachezaji wengine wa madansi ya Tororo mwaka ule wa 1960 walitegemea kiuno na miguu, lakini yeye alikuwa binti wa Kiteso, na kwao karibu na Malaba alikuwa amejifunza tangu utotoni kutikisa mabega na shingo mpaka kichwa kionekane kama kimeachana na mwili. Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, akianza tu kucheza watu waliweka chupa zao chini.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Aliwahi kuolewa, akarudi kwao bila mtoto na bila maneno mengi, akapata kazi ya kushona nguo kwa Mhindi mmoja mjini. Bwana Wandera alimwona akicheza kwenye harusi, mwezi wa pili, akamwita kwenye Bendi ya Mwamba. Wandera alikuwa Msamia wa Busia, upande wa Kenya, mtu mwembamba wa suti ya kijivu, na gitaa alilijua kwelikweli. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Mwanabendi akikosea, Wandera aliacha kupiga, akamtazama, akatabasamu, na kosa lile halikurudiwa. Asekenye aliiona hiyo kuwa ni adabu.

Mlangoni mwa ukumbi palibandikwa bango la bendi, na picha iliyokuwa juu yake haikuwa yake. Ilikuwa ya Adeke, aliyecheza kabla yake. Nywele za Adeke zilikuwa zimelala, zinang'aa, zimepasuliwa upande kama za wanawake wa kwenye magazeti. Asekenye aliuliza Adeke alikwenda wapi. Mpiga ngoma alisema Jinja. Mpiga besi alisema Kampala. Wote wawili walijibu huku wakitazama viatu vyao.

Mwezi wa nane Wandera alimletea habari. Watu wa kurekodi santuri walikuwa wakitoka Nairobi, wangefika Tororo Jumamosi ya wiki inayofuata, na walikuja na mpiga picha.

"Sauti tunayo," Wandera alisema. "Mchezo tunao. Kimebaki kichwa chako, dada."

"Kichwa changu kina nini?"

"Kina nywele za shambani. Chagua mwenyewe. Kuna dawa ya Mama Benedeta hapa karibu na stesheni, na kuna wigi la Taaka kule Busia. Mimi sikulazimishi. Nataka tu siku hiyo ziwe zimelala."

Asekenye hakukasirika. Kusema kweli, nywele zile alizitaka hata yeye. Kila Jumamosi alikuwa akizinyoosha kwa kitana cha chuma kilichopashwa moto kwenye makaa, na kila Jumamosi, ukifika wimbo wa tatu, jasho lilizirudisha zilivyokuwa. Akaamua aanze na wigi, kwa sababu wigi linavuliwa.

Jumatatu alipanda basi hadi Busia. Taaka alikuwa mama mnene aliyeuza mitumba, vitambaa vya kichwa na viatu kando ya barabara ya mpakani. Alitoa wigi kwenye sanduku la bati lililonuka kafuri, akamvisha, akamshikia kioo. Asekenye alijitazama kwa muda. Mwanamke aliyekuwa kwenye kioo hakuwa mshona nguo wa mtu yeyote.

"Sasa cheza kidogo," Taaka alisema.

Alitikisa shingo mara mbili tu. Wigi likaruka, likatua juu ya rundo la viatu. Wakacheka wote wawili. Asekenye aliliokota, akaligeuza ndani aone kama linaweza kushikizwa kwa uzi. Hapo kicheko kikamwisha. Kitambaa cha ndani kilikuwa na madoa ya kahawia, makavu, yaliyokakamaa kama uji uliomwagika, utosini na nyuma ya masikio.

"Mama, hii ilikuwa ya nani?"

"Ni ya kwangu. Mimi nauza."

"Kabla yako."

Taaka alianza kupanga viatu ambavyo havikuwa vimepangwa vibaya. "Wandera ndiye alileta. Alisema aliyekuwa akivaa hana haja nayo tena. Akaniambia nisiuze, niweke, iko dada mmoja wa Kiteso anashona kwa Mhindi Tororo, atakuja kuichukua."

"Alikuambia lini?"

"Krismasi ile imepita."

Asekenye alirudisha wigi sandukuni. Krismasi ile alikuwa hajawahi hata kusalimiana na Wandera. Njia nzima ya kurudi Tororo alijaribu kujiridhisha kwamba Taaka amechanganya miezi.

Wigi lilikuwa limeshindikana, ikabaki dawa. Jumatano alasiri alikwenda kwa Benedeta, mjane wa Kipadhola aliyejifunza kazi ya nywele Kisumu na kuifanyia katika chumba kimoja nyuma ya maduka ya stesheni. Chumbani palikuwa na kiti, kioo, na pipa la maji lenye kifuniko. Benedeta alimfunga taulo shingoni, akampaka mafuta mazito kichwani, masikioni na kwenye paji la uso. Kisha akaanza kukoroga dawa kwenye bakuli: kostiki ya kutengenezea sabuni, viazi vilivyopondwa, na mayai. Alikoroga kwa kijiti. Kijiko cha bati, alisema, dawa ile ilishakila.

"Inauma?"

"Inauma. Ukisikia moto, sema, nitaosha mara moja. Maji ndiyo kila kitu. Ukichelewa na maji, basi."

"Adeke ulimtengeneza wewe?"

Kijiti kikasimama. Mlango ulikuwa wazi, na nje injini ya treni ilikuwa ikibadilisha mabehewa. Benedeta alingoja kelele zipite.

"Mwanangu, nitakwambia kwa sababu umeuliza. Wandera alikuja naye. Alikaa pale, juu ya pipa. Adeke akasema moto. Mimi nikachukua kata niende kuchota. Yeye akatazama saa yake akasema, bado, hazijalala. Hakusimama. Adeke alilia, akaita mama yake, na yule mtu amekaa juu ya maji anatazama saa. Nilimvuta mkono. Nilimwomba kwa jina la Bikira. Aliposimama, nywele zilikuwa zimelala vizuri sana. Ile picha kwenye bango ilipigwa siku ile ile, kabla ngozi haijaanza kutoka."

"Halafu?"

"Halafu akamnunulia wigi, acheze na vidonda ndani yake. Alicheza wiki nne. Sasa yuko Mella, kwa mama yake."

Asekenye alifungua mdomo aseme kitu, na kivuli kikaingia mlangoni. Wandera alivua kofia, akamwamkia Benedeta kwa heshima, akaulizia hali ya miguu yake. Kisha akavuka chumba taratibu, akapangusa kifuniko cha pipa kwa kitambaa chake, akakaa.

"Endeleeni tu," alisema. "Mimi napumzika. Jua ni kali."

Benedeta aliliweka bakuli chini, mbali na kiti.

"Naomba utoke kwenye pipa, bwana," Asekenye alisema.

"Kwa nini? Kiti ni kimoja, umekikalia wewe."

"Basi mimi nimeshatoka."

Alisimama, taulo likiwa bado shingoni. Wandera hakunyanyuka. Alimtazama, akatabasamu vilevile alivyowatabasamia wanabendi waliokosea.

"Umechagua wigi, basi. Si neno. Nitalileta mwenyewe Jumamosi asubuhi, na gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli. Ukishabandikwa kwa ile, tikisa shingo utakavyo. Halitatoka."

Asekenye alitoka akatembea hadi kwa shangazi yake Ariokot bila kugeuka nyuma, mafuta yakimtiririkia machoni.

Kesho yake alikwenda kijiji cha Mella. Benedeta alikuwa amemwambia ukweli wa mwisho, kwamba Adeke hakuwa Jinja wala Kampala, alikuwa kwa mama yake. Alimkuta nyuma ya jiko akianika mtama, amejifunga kitambaa kilichoshuka hadi kwenye nyusi. Alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana kwenye bango. Asekenye alipojitambulisha, Adeke hakumuuliza amefuata nini. Alifungua kitambaa.

Asekenye alitazama kwa sababu aliona ni haki yake Adeke kutazamwa. Kisha akamsaidia kufunga tena.

"Amekuja hapa mara tatu," Adeke alisema. "Huleta sukari. Humwambia mama kwamba nywele zikiota tena nitarudi kazini. Dada, maneno yake ni mazuri sana. Ukianza kumjibu, utajikuta umekubali. Usimpe kitu cha kushika."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo aliyoondoka nayo. Ijumaa asubuhi alimpa Ariokot wembe na sabuni.

"Nikikunyoa watu watauliza tumefiwa na nani," Ariokot alisema.

"Na waulize."

"Na bendi? Na hao watu wa Nairobi? Ulikuwa unaimba jina lao wiki nzima."

Asekenye alilia kidogo hapo, kwa sababu ilikuwa kweli. Kisha akainamisha kichwa. Ariokot alinyoa zote, hadi ngozi ikang'aa kama ya wafiwa, kisha akampaka samli.

Jumamosi Wandera alifika saa tatu asubuhi, mfuko mkononi. Asekenye alimngojea uani, jua likimpiga utosini, na Ariokot alisimama karibu naye na mchi wa kinu. Wandera alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, tabasamu lilichelewa.

"Poleni. Nani amekufa?"

"Bado," Asekenye alijibu.

Wandera aliufunga mfuko. Alikuwa mtu wa kufikiri haraka, na aliona kwamba kumbandika mtu wigi uani kwao, mbele ya mchi na majirani waliokuwa wameanza kusogea kuuliza msiba, haiwezekani. Aliwaaga wote kwa heshima. Lakini hakuelekea ukumbini. Alishika njia ya nyumba za wafanyakazi wa reli.

Asekenye alielewa alipoulizia. Huko alikaa msichana wa miaka kumi na minane aitwaye Apendi, mwimbaji wa kanisani, ambaye alikuwa akija kila Jumamosi kusimama dirishani mwa ukumbi. Asekenye alikimbia kwa Benedeta kumwonya, akakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Jirani alisema mama yule amebeba kiti chake na kioo, amepanda basi la Kisumu alfajiri. Akakimbilia kwa kina Apendi. Msichana alikuwa tayari ndani ya gari la kukodi, na gauni jipya, Wandera akiwa mbele karibu na dereva.

"Tunakwenda Mbale kutengeneza nywele," Apendi alisema dirishani, amejaa furaha. "Wageni wamesogeza mpaka kesho."

"Apendi, shuka. Nakuomba, shuka nikueleze. Usikae kwenye kiti cha dawa."

Apendi alitazama kile kichwa cha upara, macho yale mekundu, na pale wembe ulipokata nyuma ya sikio. Akasogea mbali na dirisha.

"Dada, una wivu," alisema, bila ubaya. Wandera aligusa kofia yake, na gari likaondoka.

Asekenye alikwenda kituo cha polisi siku ile ile. Askari aliandika jina lake, akauliza kama msichana amelalamika, akaambiwa hapana, akauliza kama wazazi wamelalamika, akaambiwa wazazi wamefurahi. Akafunga daftari.

Alirudi kushona. Nywele zake ziliota, akaziacha fupi, na harusini kwao alicheza bado, kwa shingo ile ile, ila hakukubali kulipwa na mtu yeyote. Adeke alihamia mjini mwaka uliofuata, wakashona pamoja.

Siku moja ya soko, Asekenye alikuwa Malaba kununua vifungo. Redio ya dukani ilikuwa ikipiga santuri, na alilitambua gitaa kabla hajaitambua sauti. Aliyeimba alikuwa Apendi. Ilikuwa sauti safi, ya juu, isiyo na wasiwasi. Asekenye alisimama na vifungo mkononi hadi wimbo ukaisha.

"Hii bendi bado iko?" alimuuliza mwenye duka.

"Iko. Walipita hapa wiki jana kwenda Busia. Wandera na wanaume watatu."

"Na mwimbaji?"

Mwenye duka alifikiri. "Hapana," alisema. "Mwanamke sikuona."