Mfereji wa Mzee Njuguna

Sogea karibu, mwanangu, unisikilize. Mambo ya kushuku watu nayajua vizuri, kwa sababu kuna siku moja nikiwa kijana nusura nimwage damu kwa ajili ya maji.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nasaga unga kwenye kinu cha Mzee Njuguna, upande wa juu wa Kiserian. Umeme haukuwa umetufikia. Maji yalitolewa mtoni kwa mfereji, yakaangukia gurudumu kubwa la mbao, nalo likazungusha jiwe la kusagia. Watu walituletea mahindi hata kutoka Kimuka, maana unga wa jiwe ulitoka mtamu, haukunuka dizeli.

Kiangazi kimoja maji yakapungua, mpaka jiwe likasimama na mahindi ya watu tumboni. Tukajua sababu, au tukadhani tunajua. Juu yetu, kwenye mfereji uleule, walikunywa ng'ombe wa Koko Nasieku, bibi mmoja Mmaasai. Tukaanza kuwachungulia wanawe. Wakicheka, tunasema wanatucheka. Wakinyamaza, tunasema wanaficha jambo. Mwenye shaka, mwanangu, hata kikohozi cha mtu hukifanya ushahidi.

Aliyetuchochea zaidi ni Wachira, shemeji yake Mzee Njuguna.

"Nyinyi ni wanaume ama ni mapambo?" alituuliza. "Watu wamewafungia maji, na nyinyi mko hapa mnafagia pumba."

Tukachukua panga, tukapanda.

Koko alikuwa ameketi nje ya boma na nyasi mkononi. Kwa Wamaasai, anayekushikia nyasi anakuomba amani. Nikamwamkua kwa Kimaa, "Takwenya." Hakuitika.

"Wekeni hizo panga chini, ndio niwaitikie."

Tukaziweka.

"Iko," akaitikia. "Sasa niambieni. Ng'ombe wangu wanalamba matope. Mmemtuma nani huko juu azuie maji, ndio mimi nihame?"

"Sisi? Koko, tulijua ni wewe."

"Mlijua. Na huko juu mmefika?"

Hatukuwa tumefika. Hata yeye hakuwa amefika.

"Basi twende pamoja," akasema. "Mkienda peke yenu mtarudi na maneno yenu, na mimi nikienda peke yangu nitarudi na yangu."

Tukaufuata mfereji, yeye mbele na fimbo yake, hadi tukaona udongo uliofukuliwa karibuni. Mwanawe mmoja, aliyekuwa amefuatana nasi, akaufukua kwa kisigino. Chini kulikuwa na paipu nyeusi, na paipu ile ilielekea kwenye shamba la nyanya, kijani kibichi katikati ya ukame. Shamba lilikuwa la Wachira. Wahenga hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.

Tukamwita Mzee Njuguna, akaja akaing'oa paipu kwa mikono yake. Jiwe likazunguka tena, likasaga mpaka miaka ya elfu mbili, umeme ulipofika na watu wakahamia mashine za mjini. Lakini mimi sijasahau kwamba panga zetu tuliwapelekea watu waliokuwa na kiu kama sisi.

Sikuambii usishuku. Shaka ni mbwa wa boma, ina kazi yake. Ila mbwa kazi yake ni kubweka. Kuhukumu si kazi yake.

Mungu akujalie subira, na akupe majirani wa kutembea nao. Siku ukimshuku mtu, nenda kwake mikono mitupu, msalimie, kisha mwombe mwende pamoja mpaka jambo linapoanzia.