Karatasi za Mpunga wa Lusangi

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa harufu ya karanga. Nilikuwa msichana mwenye majivuno, karani wa kituo kidogo cha kujaribia mbegu hapa Kasongo. Tulikuwa tumeletewa kompyuta, ya kwanza niliyowahi kuigusa. Msimu mzima nikaingiza humo majaribio ya mpunga ya mkuu wetu, Papa Amisi: mbegu gani ilivumilia maji ya bonde la Lusangi, ipi iliozea shambani. Yote yakaenea kwenye disketi chache. Nikaona karatasi alizoyaandikia zinatujazia nafasi bure. Papa Amisi alikuwa Kabambare, na barabara ile mbovu unaijua, angekawia. Basi nikawagawia mama wauza karanga rundo lote, wafungie karanga zao.

Aliporudi, alinunua karanga sokoni. Akala, akakunjua karatasi, akakuta mwandiko wake.

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Aliiweka mbele yangu ile karatasi yenye mafuta. "Mutoto wangu, hii iko mupunga yetu ya Lusangi. Siku mashine yako ikikufa, mutu atasoma wapi?"

"Papa, yote iko mu disketi," nikamjibu, tena kwa kucheka. Kicheko kile kinanichoma mpaka leo.

Papa Amisi alishafariki. Mwaka huu maji yamewamalizia watu wa Lusangi mashamba, na mtoto wa dada yangu mdogo, agronomu, mtaalamu wa kilimo huko Kabambare, akaja na pikipiki kuniuliza ile mbegu iliyovumilia. Nikampa disketi, zimefungwa vizuri kwenye kitambaa. Alihangaika nazo mpaka akapata mashine ya kuzisoma, kisha akanipigia simu: "Mama mukubwa, majina ya mafaili inaonekana. Ndani hamuna kitu."

Na jina la mbegu silikumbuki. Watapanda kwa kubahatisha, na kosa ni langu.

Mimi nilidhani kufunga kwenye kitambaa ndiyo kutunza. Wewe una simu, una flashi, una hifadhi za mtandaoni. Nazo zitazeeka upesi kuliko unavyodhani. Jambo la watu liweke mahali pawili au patatu. Kila mwaka lifungue, ulisome, ulihamishie kwenye chombo kipya kabla cha zamani hakijafa. Mfundishe na mwenzako kulifungua. Na karatasi, mwanangu, usizigawe.

Mungu akupe maisha marefu, na siku mjukuu wako atakapofungua ulichomwachia, akikute kimejaa.