Msiba Niliompa Mama kwa Kipaza Sauti

Naona aibu hata kulisimulia hili, lakini Unyambwa nzima wanalijua, kwa hiyo bora mlisikie kwangu kuliko kwa majirani, maana wao wanaongeza chumvi (na lilivyo, halihitaji chumvi).

Mama yangu amepoteza kumbukumbu. Daktari alitueleza kwamba sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu imechakaa, ila ile ya hisia, jirani yake tu, bado nzima, kwa hiyo tuangalie tunavyomtendea. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Basi siku ya sendoff ya mdogo wangu Pili, asubuhi, mama akauliza baba yuko wapi. Baba tulishamzika. Nikaona nisimharibie siku, nikamwambia amekwenda mnadani kuuza ng'ombe, akaridhika, na mimi nikajiona nina akili.

Wakaja wakwe kutoka Nduguti, wakapelekwa kumwamkia mama, naye kwa adabu zake zote akawaomba wavumilie kidogo, mzee yuko mnadani, anarudi. Mshenga akaniangalia. Wao tuliwaambia baba ni marehemu, na baba mdogo ndiye aliyepokea posa! Ikaanza minong'ono kwamba kumbe mzee yupo, hajaridhia, tunamwoza Pili kwa mlango wa nyuma. Wengine wakasimama kuondoka, Pili analia vipodozi vinamtiririka mpaka kidevuni, mshereheshaji ananisukumia kipaza sauti eti kaka mkubwa atoe ufafanuzi, na mimi kwa hofu ya ndoa kuvunjika nikamgeukia mama mbele ya watu wote.

"Mama, baba alikufa. Tulimzika Mgori. Nilikudanganya."

Mama akavua kilemba, akaketi chini mavumbini, akalia kama mjane wa siku hiyo hiyo, na kina mama wa pande zote mbili wakaketi naye wakalia, maana kwetu mfiwa haachwi alie peke yake. Wakwe wakaamini. Ndoa ikapona, pilau likapoa.

Baadaye mama akauliza, uso bado umelowa, kwa nini analia. 

Nimeapa sishiki tena kipaza sauti maisha yangu, lakini kiapo hicho kinanisaidia nini? Ile sendoff mama haikumbuki, wala maneno yangu hayakumbuki, hata jina langu siku nyingine linampotea. Ila nikiingia na bakuli la uji anajikunyata ukutani, ananiogopa, mpaka mke wangu aje amlishe. Ningemwomba msamaha, jamani, lakini hajui nilimfanyia nini.